Picha ya Oda ni Mali ya Nani?

Wapo watu wenye busara zao wanaoshauri kwamba mpiga picha asiye na mwajiri, akitaka kuheshimiwa, hana budi kuchagua jambo moja na kulishika: ama awe mtu wa mandhari, azunguke milimani na ufuoni, ama awe mtu wa vyakula, akae na wapishi, ama awe mtu wa maisha ya watu, ashinde sokoni, bandarini na vichochoroni. Ushauri huu una sura nzuri, na katika nchi ambako magazeti ni tele na matangazo hayana mwisho huenda una manufaa pia. Kwetu sisi wa pwani hii, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ni ushauri wa kumtoa mtu kazini.

Riziki ya mpiga picha wa kujitegemea hufuata majira kama ya mvuvi, ila majira yake ni mengi zaidi na hayana nyota ya kuyatabiria. Kuanzia Julai hadi Oktoba, na tena kuanzia Desemba hadi mwanzo wa Machi, wageni huja, na wenye hoteli hukumbuka kwamba picha zao zimechakaa. Masika yakishuka mwezi wa Aprili na Mei, hoteli nyingi za Lamu, Watamu na Unguja hufunga milango au hupunguza watumishi, na hapana mtu anayekumbuka picha wala mpigaji wake. Rajabu na Shaabani ni miezi ya harusi. Ramadhani makampuni hutaka picha za futari. Mfunguo Mosi harusi hurudi. Anayejifungia katika fani moja atakuwa tajiri wa robo mwaka na mdeni wa robo tatu zilizobaki. Kwa hiyo tunafanya yote, tena bila haya, na sioni kwamba kufanya yote kumepunguza ustadi wa mtu: jicho lililofunzwa na ukungu wa alfajiri ndilo linaloona mvuke juu ya sinia.

Lililonitia kalamu mkononi ni jambo jingine. Kazi hizi tatu hulipwa kinyume cha thamani yake, na linaloweza kusawazisha mizani hiyo, nalo ni mpiga picha kubaki na mali ya picha zake, ndilo ambalo desturi yetu inamnyima na sheria inasaidia kumnyima.

Tuanze na mandhari, maadamu ndiyo kazi inayohusudiwa na wengi. Msomaji asiyepata kuifanya hudhani kwamba mlima na bahari havina haraka, na kwamba mwenye kamera njema hana zaidi ya kusimama na kubonyeza. Kumbe bahari yetu ina miadi isiyosamehe. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapopevuka, maji ya Unguja hupanda na kushuka takriban mita 4, hata ufuo wa Paje au Jambiani ulioonekana asubuhi kuwa uwanja mweupe unaofika karibu na mwamba, na wanawake wakiinama katika mashamba yao ya mwani, saa sita baadaye huwa ni maji matupu na ngalawa zinaelea juu ya mashamba hayo. Kusi likivuma, ufuo wa mashariki huchafuka na mawingu hutanda. Kaskazi likiingia, maji hutulia na anga hufunguka. Na Kilimanjaro, ambayo wageni huifuata hadi Amboseli kwa gharama kubwa, aghalabu huonyesha theluji ya Kibo alfajiri na mara nyingine kabla ya magharibi, kisha hujifunika mawingu mchana wote na kumwacha mgeni akitazama wingu ambalo ndani yake anaambiwa kuna mlima. Zaidi ya hayo tunakaa karibu na ikweta, ambako jua hupanda na kushuka karibu wima, hata ile nuru ya dhahabu inayowakalia watu wa Ulaya saa nyingi wakati wa kiangazi chao sisi hatuipati hata kwa saa moja. Na adhuhuri jua likisimama utosini, kivuli huingia chini ya kila kitu na uso wa mtu huwa mashimo mawili ya macho.

Elimu hiyo yote, ambayo haifundishwi darasani, siku hizi haina bei. Kila mgeni ana simu, na wengi wana ndege zisizo na rubani, na ghala za picha za mtandaoni zimejaa Kibo na machweo, baadhi yake zikimlipa mwenye picha senti chache za dola kila picha inapochukuliwa. Silalamiki sana kwa hili. Mlima haukuumbwa kwa ajili ya mpiga picha mmoja, na anayetaka kuuza machweo hana budi kukubali kwamba jua linawatulia watu wote.

Kinacholipa ni chakula. Migahawa imeongezeka mijini, kila mmoja unataka orodha yake iwe na picha, na mwenye njaa huchagua kwa macho kabla ya kusoma. Hapa ndipo mtu wa mandhari anapofunzwa adabu upya, kwa maana mlima ukikosewa leo kesho upo, ilhali samaki wa kupaka akishatoka jikoni ana dakika chache za uhai wa pili: tui huanza kushika utando juu, mafuta hujitenga pembeni, rangi iliyochomwa na makaa hufifia ikawa kijivu. Biriani yetu ni mtihani wa aina yake. Utamu wake wote umo katika masala, na masala hulala chini ya wali. Atakayepiga picha ya sinia kama ilivyoletwa atapata kichuguu cha mchele wenye madoa ya manjano, na hatakuwa amesema lolote juu ya biriani. Yampasa kumwomba mpishi auvunje wali upande mmoja, jambo ambalo wapishi wengi hulichukia, kwa kuwa wamejifunza miaka mingi kuufunika. Urojo nao una shida zaidi: ukali wa ndimu na embe hauonekani, bajia na kachori zimezama, na aliyekulia mbali na Unguja akiitazama picha huona maji ya manjano yaliyovurugika. Nimepata kuwaona wapiga picha hodari wa milima wakishindwa na bakuli hilo, na mama aliyeuza akiwacheka, kisha akawaonyesha: kwanza tia viungo vikavu, piga picha, ndipo umimine kidogo. Mahamri lazima yapasuliwe ili ule uwazi wa ndani uonekane, kwa kuwa hamri lisilopasuliwa halitofautiani na andazi lolote. Taa ya kamera ikielekezwa mbele huufanya mchuzi ung'ae kama karatasi ya nailoni. Dirisha la ubavuni na kitambaa cheupe upande wa pili hutosha, na havina gharama.

Katika biashara ya matangazo ya nchi za nje yanajulikana siku nyingi mazoea ya kutia gundi mahali pa maziwa, na kupulizia gliserini juu ya matunda ili yaonekane yana umande. Wapo wanaotaka kutuletea mazoea hayo. Kwa rai yangu ni ulaghai, hata kama una jina la usanii, na mteja anayeagiza kile alichokiona ana haki ya kukila.

Basi chakula kinalipa. Lakini hulipa mara moja tu, na hapo ndipo ugomvi unapoanza. Hoteli moja, ambayo haina haja ya kutajwa kwa kuwa haikufanya ila wanayofanya wenzake, iliniagiza picha za mezani kwa ajili ya orodha yake ya vyakula. Baada ya muda picha hizo nilizikuta ukutani katika tawi jingine, katika vitabu vya wakala wa safari, na katika tangazo la kampuni ya viungo ambayo sikupata kuisikia. Nilipouliza nilijibiwa kwa upole kabisa: tulikulipa, picha ni zetu. Nikamweleza meneja kwamba aliyepanga nyumba hulipa kodi ya kukaa, hajanunua ukuta. Akacheka, akaniagizia chai.

Kazi ya tatu, ile ya maisha ya kila siku, haina hata mtu wa kugombana naye, kwa kuwa hapana anayeiagiza. Nani atalipa ili apate picha ya wachukuzi wa mikokoteni wakipanda na magunia kutoka bandari ya zamani ya Mombasa, au ya msongamano wa feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, au ya muuza kahawa na dele lake akigonga vikombe, au ya mzee anayedarizi kofia barazani tundu baada ya tundu? Mhariri atakwambia kwamba ukurasa umejaa, au kwamba atakuwekea jina lako chini ya picha, kana kwamba jina hulipa kodi ya nyumba. Kwa hiyo kazi hii tunaifanya kwa fedha ya biriani. Sinia moja iliyopigwa vizuri hotelini humnunulia mpiga picha asubuhi kadhaa za kutembea mtaani bila kudaiwa, na wale wanaomcheka mtu wa kazi tatu hawajui kwamba kazi ya pili ndiyo inayoilisha ya tatu.

Na hii ya tatu ndiyo itakayotafutwa. Tazama kilichobaki cha wapiga picha waliotutangulia. Akina Gomes, Wagoa waliofungua studio Zanzibar katika miaka ya 1860, na akina Coutinho waliowafuata, waliuza kadi za posta zilizosafiri hadi Ulaya. Leo wanaozitafuta kadi hizo hawazitafuti kwa uzuri wa minazi, huzitazama ili wajue mlango ulikuwaje, kanga ilivaliwaje, mzigo ulibebwa vipi. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe. Akapiga picha za jamaa ya Sultani, na pia akapiga majahazi, mitaa, na watu wa kawaida waliokuja kukaa mbele ya kamera yake, na baada yake mwanawe Rohit akaendelea kulishika duka. Mgeni anayeingia humo na kununua picha ya Unguja ya zamani, ananunua alasiri fulani ambayo hapana aliyeiagiza. Lau Oza angemkabidhi kila mteja negativu zake pamoja na picha, duka hilo lingekuwa na fremu na vumbi.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na huko mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20, akaanzisha Camerapix, kampuni yake mwenyewe. Mtu huyu hakuchagua jambo moja. Alipiga mapinduzi na vita. Alipiga Hija, akatoa kitabu chake mwaka 1978. Alizunguka Ziwa Turkana, akatoa kitabu kingine mwaka 1981. Na Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, pamoja na Michael Buerk wa BBC, na filamu aliyoipiga huko ya watu waliokuwa wakifa njaa ilipotangazwa, ulimwengu ulishtuka, hata Julai iliyofuata yakafanyika yale matamasha ya Live Aid. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto, akarudi kazini na mkono wa bandia. Novemba 23, 1996 alifariki katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa nyara ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Twaa maisha hayo uyagawe kwa kipimo cha washauri wetu: alikuwa mtu wa mandhari, au wa habari, au wa maisha ya watu? Kilichoziunganisha kazi hizo zote ni kwamba alijitahidi kuwa tajiri wa kazi yake mwenyewe, na ndiyo maana baada ya kifo chake hazina kubwa ya picha ilibaki mikononi mwa Camerapix na mwanawe Salim, badala ya kutawanyika katika makabati ya waagizaji.

Sasa msomaji ataniuliza: si kuna sheria? Ipo, na ndiyo inayoniudhi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, katika kifungu cha 31, inasema kwamba kazi ikiagizwa na mtu, hakimiliki yake huhesabiwa kuwa imehamia kwa mwagizaji, isipokuwa kama wawili hao wamepatana vinginevyo. Maana yake ni kwamba ukimya unamnufaisha mwenye fedha. Mpiga picha aliyeagizwa kwa simu, akaenda, akapiga, akapeleka kazi na kupokea ujira wake bila karatasi yoyote, na hiyo ndiyo desturi ya kazi nyingi hapa kwetu, anatoka akiwa hana mali. Yule meneja aliyeniagizia chai, basi, alikuwa na sheria upande wake.

Sheria hiyohiyo ina jambo la pili, ambalo sijasikia likizungumzwa barazani. Mchoro wa brashi hulindwa miaka 50 baada ya kufa mchoraji. Picha ya kamera, na filamu vilevile, hulindwa miaka 50 tangu ilipofanywa au kutolewa hadharani, hata kama mwenyewe yu hai na ana nguvu zake. Fanya hesabu ya Korem. Lau Mohamed Amin angekaa chini akayachora yale aliyoyaona, mchoro wake ungelindwa hadi mwisho wa mwaka 2046; kwa kuwa aliyanasa kwa kamera na yakatolewa mwaka 1984, kwa kipimo hicho ulinzi unakoma mwisho wa mwaka 2034. Na kijana wa miaka 20 atakayetoa leo picha ya muuza kahawa atashuhudia, akiwa mzee wa miaka 70, kila mtu akiichapa bila kumwuliza. Kisa cha ubaguzi huu ni imani kongwe kwamba kamera ndiyo inayofanya kazi na mtu huishikilia tu. Mkataba wa Hakimiliki wa WIPO, shirika la kimataifa la miliki bunifu, uliopitishwa Geneva mwaka 1996 uliufuta ubaguzi huo kwa nchi zinazofungwa nao, zikatakiwa zisiipe picha muda mfupi kuliko kazi nyingine za sanaa. Sioni sababu ya sisi kubaki nyuma ya insafu hiyo.

Naijua hoja ya waagizaji, na sehemu yake ni ya haki. Mwenye mkahawa aliyegharimia wapishi, vyombo na siku nzima ya biashara anaogopa kuiona sinia yake katika tangazo la jirani. Hofu hiyo ina dawa nyepesi: mkataba useme kwamba kwa miaka miwili, au mitatu, mpiga picha hataiuza picha hiyo kwa mwingine wa biashara hiyo. Hapana haja ya kuchukua mali yote ya mtu kwa ajili ya kujikinga na jirani mmoja.

Lakini wapiga picha nao wasitoke katika maneno haya wakiwa safi kupita kiasi. Zile kadi za akina Gomes na Coutinho, zilizojaa nyuso za watu, aghalabu hazina jina la hata mmoja wao. Chini yake pameandikwa kabila au kazi, basi. Tukidai majina yetu chini ya picha, tutasema nini juu ya majina ya waliomo ndani yake? Mwaka 2019 Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data, na Septemba 2023 mamlaka inayoisimamia ilitoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kutangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Tanzania nayo ilitunga sheria yake ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022. Sheria ya Kenya inatoa nafasi kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa pale penye maslahi ya umma, nayo ni nafasi ya lazima, kwani bila hiyo hapana picha ya sokoni ingechapwa. Ila picha huhama. Muuza kahawa niliyempiga kwa ajili ya gazeti yumo katika nafasi hiyo. Picha ileile ikiingia katika kijitabu cha hoteli imekuwa tangazo, na ridhaa yake inatakiwa. Na nani atakayejua kwamba imehama, ikiwa mwenye hoteli ndiye mwenye picha na mpiga picha hana kauli? Hapo haki mbili zinakutana: mpiga picha akibaki na mali yake, yule aliyepigwa picha ana mtu wa kumwendea, tena mtu anayemjua kwa uso, aliyemwuliza jina na kumletea nakala.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wakigeuze kifungu cha 31, mali ibaki kwa aliyeifanya mpaka aiuze kwa maandishi, na muda wa picha ulinganishwe na muda wa mchoro. Nawaomba wahariri, na hawa wa gazeti hili siwatoi, watenge kima cha picha za mtaani kama wanavyotenga cha makala, kisha waandike majina mawili, la mpigaji na la mpigwaji aliyeridhia. Na wenzangu wa kazi hii, ambao wengi wetu tunaona haya kutoa karatasi mbele ya mteja, nawaomba tusiwangoje wabunge. Sheria yenyewe imesema mapatano ya watu wawili yanaishinda. Katika hati ya bei utakayompelekea mteja wiki hii, pamoja na arbuni na tarehe ya kukabidhi kazi, ongeza mstari mmoja unaosema kwamba hakimiliki inabaki kwako na yeye anapata ruhusa ya matumizi yaliyotajwa, kisha mwombe atie sahihi kabla hujafungua mfuko wa kamera.